Mama anasahau: mnawezaje kuitazama hali hii bila kukata tamaa?

Bint Konde
Assalaam alaykum ndugu zangu. Mie nakaa Unguja, mama yuko Konde, Pemba, na dada yangu mkubwa ndiye anayemtunza. Alianza kwa kuuliza jambo lile lile mara kwa mara, kisha akawa anapotea njia ya dukani, na sasa ananiita kwa jina la marehemu shangazi. Majirani wanasema uzee huo, muacheni. Ami anataka apelekwe kwa mganga. Daktari katwambia ni dimenshia, yaani maradhi ya ubongo yanayomtoa mtu kumbukumbu, na dawa ya kuiondoa hakuna.

Siulizi dawa. Nauliza nyinyi mnaoishi na wazee wa namna hii, moyoni mnalipokea vipi? Kila nikimtazama naona yaliyomtoka tu. Alikuwa mpishi wa shughuli, watu wakimfuata kutoka Micheweni akawapikie pilau ya harusi, na leo hajui kama amekula au hajala. Nikirudi Mkoani kupanda boti nalia njia nzima. Niambieni, kuna namna nyengine ya kumtazama?

Mzee wa Makunduchi
Waalaykumu ssalaam mwanangu. Pole sana. Nitasema moja tu. Sie tumemuona Bi Kidude akipanda jukwaani na ngoma yake katika uzee ambao miaka yake hakuna aliyeijua kwa hakika, mpaka karibu na kufariki kwake Aprili 2013. Uzee peke yake si maradhi, na wazee wengi huondoka duniani na akili zao timamu. Mama yako anaumwa. Mgonjwa anatunzwa, haachwi. Na kwa mganga msimpeleke.

Mkwe wa Wete
Shoga yangu, mie namtunza mama mkwe hapa Wete, na hali yake ni hiyo hiyo. Kilichonisaidia ni kuacha kumtahini. "Mama, mimi nani? Leo siku gani?" Maswali hayo yanamtia aibu bure, na mimi yananipa huzuni. Siku hizi natafuta kile alichobaki nacho, na ni kingi.

Nikupe mfano. Msimu wa karafuu, jioni zikishamwagwa ukumbini, namtandikia mkeka wake pamoja na watoto. Jina langu limeshamtoka. Lakini kishada kikifika mkononi anakishika kwa konyo, anakisokota juu ya kiganja, karafuu zinadondoka huku, konyo analitupa kule, wala hatazami. Mjukuu akichanganya makonyo na karafuu anampiga kidole: "Watakukatalia hizo!" Na ni kweli, chafu hazipati bei. Mikono iliyozoea kazi ina kumbukumbu yake, na hiyo huchelewa kuondoka. Ya kusoma pia: nikianza Yasin, yeye ananipita.

Mama yako mpishi, basi mpeni ungo apepete mchele. Mpeni thomu amenye, iliki aitwange. Mtoeni kwenye moto na visu, lakini jikoni msimtoe.

Jengine. Baba mkwe alifariki zamani, naye kila magharibi anauliza kama kesharudi shamba. Tukimwambia amekufa, kwake ni msiba mpya, analia kama ndiyo anaambiwa leo. Sasa namuuliza: "Kwani shamba lile lina mikarafuu mingapi?" Hapo tena anaanza, nani alipanda, nani alianguka juu ya mti, mpaka chakula kinaiva. Hayo yote nisingeyajua, maana alipokuwa mzima hakuwa na nafasi ya kunihadithia.

Na Pencheni Jamii, ile ya wazee wa miaka 70 iliyoanza 2016 kwa shilingi 20,000 na baadaye ikapandishwa hadi 50,000, zile fedha lazima zipite mkononi mwake kwanza. Anazikunja na kuzifunga kwenye pindo la kanga. Baadaye hazikumbuki, lakini siku nzima anakaa kama mtu mwenye chake. Wataalamu wa ubongo wameligundua hilo: tukio linafutika, furaha yake inabaki. Kwa hiyo usiseme safari yako haina maana kwa kuwa mama ataisahau kabla hujafika bandarini. Ile raha uliyomwachia bado anayo.

Muuguzi mstaafu, Chake
Hayo ya Wete nayaunga mkono, niongeze ya upande wetu. Maradhi haya si laana wala mashetani. Daktari Alois Alzheimer wa Ujerumani alieleza mabadiliko ya ubongo wa mgonjwa wake tangu 1906, na hivi leo watu zaidi ya milioni 55 duniani wanayo.

Hakikisheni anasikia na anaona vizuri. Nta ya masikio au mtoto wa jicho humfanya mzee aonekane kapotea zaidi kuliko alivyo. Na akibadilika ghafla kwa siku mbili tatu, akaweweseka au akalala mno, mkimbizeni hospitali. Mara nyingi ni maambukizi ya mkojo, au maji yamempungua, na hayo yanatibika.

Nanyi watoto msidhani ni zamu yenu tu inayokuja. Ripoti ya wataalamu iliyotoka katika jarida la Lancet mwaka 2024 inasema karibu asilimia 45 ya dimenshia duniani ingeweza kuzuilika au kucheleweshwa. Pimeni presha na sukari, acheni sigara, na mzee msimfungie ndani peke yake.

Bint Konde
Allah awalipe. Nimemsomea dada kwa simu, katika iliki akacheka, kwa sababu mama huinusa hata ikiwa kwenye chai ya jirani. Lakini dada mwenyewe amechoka. Usiku mama anaamka anataka kutoka, naye halali.

Mkwe wa Wete
Basi hapo ndipo pa kuanzia. Ukija safari hii usije kama mgeni. Mwambie dada aende kwa watu wake akalale hata siku tatu, na wewe ubaki na mama usiku na mchana. Mlango tieni komeo la juu, taa ya ukumbini iwake usiku. Mama akiamka msivutane naye, mshike mkono mzunguke ndani, mpe maji, atarudi kitandani. Na ndugu wa kiume mugawane nao zamu, mama ni wao pia.