MREJESHO: Lile swali la majedwali mawili ya matangi

Wakuu, nimerudi. Niliuliza tangi lipi linajaa kwa kasi zaidi, swali la mdogo wangu wa kidato cha pili.

A: dakika 0, 2, 4, 6, lita 10, 70, 130, 190.
B: dakika 0, 5, 8, 15, lita 40, 165, 240, 415.

Nilishikilia B, kwa sababu linaruka lita 125 wakati A linaruka 60 tu. Aibu yangu! Sikuangalia kwamba zile 125 ni za dakika 5. Mliponiambia nigawe, A likatoka 60 ÷ 2 = lita 30 kwa dakika, B 125 ÷ 5 = 25.

Halafu B likanitisha tena: 125, 75, 175, nikadhani halijai kwa kasi ile ile, yaani grafu yake si mstari mnyoofu. Kumbe dakika nazo hazilingani: 75 ÷ 3 ni 25, na 175 ÷ 7 ni 25 vilevile.

Dogo kaenda mbali kuliko mimi. Kaona B limeanza na maji mengi, ila dakika ya 6 yote yana lita 190, kisha A linapita. Asanteni sana.