MREJESHO: Bomba la tangi kupasuka kwenye kibanda cha mlimani

Wakuu, niliuliza kwa nini bomba la tangi la mvua linapasuka kila mara kwenye kibanda cha wapanda mlima, Mlima Kenya, juu ya mita 4,000. Mliosema ni barafu mlipatia: maji yakiganda hutanuka kama asilimia 9, na koki zikiwa zimefungwa hayana pa kwenda.

Koki kuu sasa iko shingoni mwa tangi, pale bomba linapoanzia, bomba limepewa mteremko, na koki ya kumwagia iko sehemu ya chini kabisa. Jioni funga ya juu, fungua ya chini, na ya kunawia iache wazi hewa iingie, la sivyo maji hubaki humo. Ile ya shingoni tumeivisha sponji na gunia. Bado ndiyo siiamini, kwani haikauki: maji ya tangi hubaki ndani yake. Anayefunga kibanda ndiye amwage, asisubiri kesho.