Kipkoech si Kiprono! Nani aliwaambia Robert Cheruiyot ni mtu mmoja?

Wanajukwaa, hamjambo. Leo sina simile, kwa hiyo mtaniwia radhi nikipaza sauti.

Ijumaa tuliwapeleka watoto wa gredi ya 6 kwenye maonyesho ya michezo huku kwetu Bonde la Ufa. Waandaaji siwataji. Ukutani palikuwa na bango refu kuliko mlango, kijana anakata utepe kwenye marathoni ya Boston, kule Marekani, na chini yake kwa herufi nyekundu: ROBERT K. CHERUIYOT, BINGWA WA BOSTON MARA 5. Watoto wakatoa madaftari wakaanza kunakili, wote 42. Mimi nimesimama pale nimeishiwa nguvu.

Hakuna Robert Cheruiyot aliyeshinda Boston mara 5. Kuna wawili! Mmoja alishinda mara 4, mwingine mara 1, na picha iliyobandikwa ni ya huyo wa mara 1. Mtu alikaa mahali akawajumlisha binadamu wawili kama anavyojumlisha magunia ya mahindi.

Nikamfuata msimamizi, nikamweleza kwa adabu. Akanijibu macho yakiwa kwenye simu: "Mwalimu, Cheruiyot ni Cheruiyot tu. Bora ni wetu."

Hiyo "bora ni wetu" ndiyo iliyonichoma. Mgeni akichanganya nitamwelewa, nitamkalisha nimfundishe. Lakini sisi? Kama ni wetu, si sisi ndio tulipaswa kuwajua mmoja mmoja?

Haya, nisikilizeni. Robert Kipkoech Cheruiyot, wa mwaka 1978, alishinda Boston 2003, halafu akaja kushinda mitatu mfululizo: 2006, 2007 na 2008. Ile ya 2006 alikimbia saa 2:07:14. Rekodi ya mbio hizo ilikuwa ya Cosmas Ndeti, 2:07:15, imekaa tangu 1994. Sekunde moja! Miezi sita baadaye, Chicago, yuko mbele, ameshanyanyua mikono, akateleza palepale kwenye mstari wa mwisho. Miguu ikaruka juu, kisogo kikapiga chini. Alishinda mbio akiwa amelala chali, akabebwa kupelekwa hospitali. Huyo ndiye Kipkoech.

Robert Kiprono Cheruiyot ni wa 1988, amepishana na mwenzake miaka kumi. Alifika Boston tarehe 19 Aprili 2010 akiwa na umri wa miaka 21, akamaliza kwa saa 2:05:52. Aliivunja rekodi ya mbio kwa dakika 1 na sekunde 22. Na rekodi yenyewe ilikuwa ya nani? Ya Kipkoech! Robert Cheruiyot aliivunja rekodi ya Robert Cheruiyot. Hiki ndicho kisa kitamu kuliko vyote katika historia ya mbio zile kwa Mkenya yeyote, na lile bango limekifuta, maana ukishasema ni mtu mmoja, huyo kijana wa miaka 21 hakumshinda yeyote. Amegeuka kivuli cha mtu mwingine.

Wilson Kipketer nao ni hivyohivyo, na hapo ndipo watangazaji wetu wa redio wananimaliza kabisa. Mara ngapi nimesikia eti Wilson Kipketer "alishikilia rekodi za mita 800 na za kuruka viunzi na maji"? Jamani! Wilson Kosgei Kipketer ndiye wa mita 800, kijana aliyesoma shule ya St. Patrick's, Iten, akaenda Denmaki 1990 kama mwanafunzi, akabaki huko akawa anakimbia kwa niaba ya nchi hiyo. Wilson Boit Kipketer ndiye wa mita 3,000 kuruka viunzi na maji, na alikimbia kwa niaba ya Kenya.

Nakubali kwamba hawa wawili wangeweza kumchanganya hata malaika. Mwaka 1997 wote walikuwa mabingwa wa dunia, mashindano yaleyale ya Athens. Halafu tarehe 13 Agosti mwaka huohuo, Zürich, usiku mmoja, uwanja mmoja, Wilson wa kwanza akavunja rekodi ya dunia ya mita 800 kwa 1:41.24, na Wilson wa pili akavunja ile ya viunzi kwa 7:59.08, akimpiku Moses Kiptanui aliyekuwa nayo kwa sehemu ya kumi ya sekunde. Siku kumi na moja baadaye, Köln, wa mita 800 akaishusha tena yake hadi 1:41.11, na siku hiyohiyo, uwanja huohuo, Bernard Barmasai akamnyang'anya Boit ya viunzi. Sasa mtangazaji, ukisema "rekodi ya Wilson Kipketer", unasema ile iliyodumu siku 11 au ile iliyodumu miaka 13 mpaka David Rudisha alipoivunja 2010?

Sydney 2000 wote wawili walipata medali ya fedha. Moja ikaenda Denmaki, nyingine ikaja Kenya. Ukiwachanganya, unaibia taifa zima medali. Si utani.

Kuna Daniel Komen wawili pia. Kipngenyo ndiye aliyekimbia mita 3,000 kwa 7:20.67 mwaka 1996, rekodi iliyokaa karibu miaka 28, mpaka 2024. Kipchirchir ni wa mita 1,500, mdogo kwa miaka minane. Halafu kuna Paul Koech wawili, Malakwen na Kipsiele. Hao nikianza tutakesha.

Sasa tuje kwenye kiini. Watu wanaandika "Robert K. Cheruiyot" wakidhani wametofautisha. K. ipi? Kipkoech inaanza na K, Kiprono inaanza na K! Nusu ya wanaume wa huku kwetu wana hiyo K., kwa sababu Kip- ndiyo jina la mtoto wa kiume linavyoanza. Ukikata pale umekata jina lote ukaacha mlango tu.

Na majina hayo hayakuokotwa. Kipkoech ni aliyezaliwa alfajiri, kunapopambazuka. Kiprono ni aliyezaliwa jioni, mbuzi na kondoo wanaporudi zizini. Mmoja wa asubuhi, mwingine wa machweo, mama zao waliwatofautisha siku ya kwanza kabisa duniani, halafu anakuja mtu na programu ya kutengeneza mabango anawafanya mmoja! Na Cheruiyot si jina la ukoo kama wageni wanavyodhani, kwamba wote wametoka boma moja. Ni jina la mtu kama majina mengine, linapatikana kila kijiji. Ndiyo maana wajina ni wengi huku, na ndiyo maana lile jina la katikati halifai kuguswa.

Darasani kwangu nina mtoto anaitwa Kiprono, mpole, haongei sana. Pale kwenye bango alinivuta sketi akaniuliza, "Mwalimu, hii K. ni mimi?" Nikamwambia ndiyo, huyo pichani ni Kiprono. Akauliza tena, "Basi mbona hawakuandika?" Nilikosa jibu. Akachukua penseli akaandika kwenye daftari lake jina kamili, herufi moja moja, na "mara 5" akaikata akaweka 1.

Ninachotaka si kikubwa. Ninyi wenye magazeti, redio, kurasa za mitandao na mabango, andikeni majina matatu. Nafasi ipo. Mnapata nafasi ya kuweka chapa za wadhamini sita chini ya picha, mnakosa nafasi ya neno "Kiprono"?

NYONGEZA: Ndugu uliyeandika hapo chini kwamba "nalilia jambo dogo wakati wanariadha wana shida kubwa", soma tena. Siku mmoja wao akifungiwa kwa kutumia dawa zilizopigwa marufuku michezoni, halafu gazeti likaandika majina mawili tu, wajina wake ataamka na simu ngapi? Mdhamini wake atasoma nini? Jambo dogo huwa dogo mpaka jina liwe lako.

NYONGEZA 2: Bango bado lipo, nimepita leo asubuhi kuhakikisha. Nimewaandikia barua, nimeambatisha miaka na muda wa kila mbio. Mwenye picha safi ya Kipkoech akivuka mstari Boston 2006, au ile ya 2008, naomba aiweke hapa. Ya Kiprono ninayo. Nataka mabango mawili ukutani darasani kwangu kabla ya muhula kufungwa.