Nyumba moja, mita mbili za LUKU: nani alipe kodi ya majengo?

Mwenye nyumba, Nzuguni
Habari za leo, ndugu zangu. Nina nyumba ya kawaida, isiyo ya ghorofa, hapa Nzuguni, Dodoma, yenye mita mbili za LUKU, yaani za umeme wa kulipia kabla: ya kwangu na ya mpangaji anayeishi upande wa uani. Kila mwezi kila mita hukatwa shilingi 1,500 za kodi ya majengo, na sasa mpangaji ananidai fedha yake. Je, ana haki? Na kwa kuwa ninakatwa huko, bado ninadaiwa kodi ya ardhi?

Mkazi wa Kisasa
Mpangaji wako ana haki kabisa. Kodi ya majengo ni ya mmiliki. LUKU ni njia ya kuikusanya tu, iliyoanza Agosti 2021 kwa shilingi 1,000 kwa mwezi, kabla ya kiwango kupanda Julai 2023 hadi shilingi 18,000 kwa mwaka kwa nyumba ya kawaida. Nyumba yako ni moja, hata ingekuwa na mita tano, kwa hiyo peleka namba za mita zote mbili kwenye halmashauri yako, ueleze kuwa zinahudumia jengo moja, na uombe makato yabaki kwenye mita yako. Wakati ukisubiri, mpunguzie mpangaji kiasi hicho kwenye pango. Ujumbe wa tokeni huonyesha kilichokatwa, kwa hiyo hakuna sababu ya kubishana.

Jirani wa Ilazo
Naongeza kuhusu ardhi. Kodi ya pango la ardhi ni deni jingine, hulipwa Wizara ya Ardhi kila mwaka, na hukokotolewa kwa ukubwa wa kiwanja, matumizi yake na mahali kilipo. LUKU haiigusi. Jihadhari pia chumba cha mpangaji kikibaki kitupu: kodi ya majengo huendelea kulimbikizwa, na atakayenunua umeme baada ya miezi minne atashangaa kuona shilingi 6,000 zimekwenda kwa mkupuo.

Mstaafu, Kikuyu
Mmesahau msamaha. Mmiliki aliyefikisha umri wa miaka 60 anaweza kusamehewa kodi ya majengo kwa nyumba anayoishi mwenyewe, lakini sharti aombe, kwa kuwa mita haijui umri wa mtu. Nyumba za tope, nyasi na tembe, ambazo huku Ugogoni bado tunazo, hazitozwi. Kama hati ya Nzuguni ina jina la mzazi wako na bado anaishi humo, anzeni na hilo kabla ya kushughulikia mita.