Nyumba ya Bibi, Wete 🏠

ALHAMISI

Shangazi Mwanajuma 06:41
Assalaamu alaykum wote. Ukuta wa uani unavunjwa Jumamosi asubuhi, fundi anataka amalize kabla ya masika. Maua yote ya Bibi, zile begonia, yameuegemea ukuta ule. Nani yuko Wete akate vipande vya kupanda? Nataka jibu leo.

Shangazi Mwanajuma 06:43
Msing'oe miti mizima. Tunakata vipande, kila nyumba ipate chake.

Hamadi 07:20
Waalaykum salaam

Shangazi Mwanajuma 07:21
Salamu nimepokea Hamadi. Unakwenda au huendi?

Hamadi 07:58
Niko Chake Chake kazini shangazi, mpaka magharibi

Rukia 08:15
Mie nipo Wete. Lakini nikikata mie huoza shangazi. Mara ile vyote vilikuwa kama mlenda

Shangazi Mwanajuma 08:21
Vinaoza kwa sababu unavizamisha. Sikiliza. Ile ya bua refu yenye madoadoa, chagua bua lisilo na ua, urefu wa kiganja. Kisu kikali, kata chini kidogo ya kifundo, mizizi hutokea pale. Majani ya chini toa, bakisha mawili ya juu. Tia kwenye gilasi, kifundo kimoja tu kiingie majini, jani lisiguse maji. Badilisha maji kila baada ya siku mbili. Wiki tatu, nne, utaona nyuzi nyeupe. Zikifika nusu kidole hamishia udongoni, usingoje zirefuke.

Shangazi Mwanajuma 08:26
Ile nyekundu ya jani pana bua lake limelala chini, usiliguse. Ile unakata jani lenyewe. Ligeuze, chanja mishipa minene kwa nyuma, lilaze juu ya mchanga uliolowa kidogo, libane kwa vijiti. Kila ulipochanja panaweza kuota kimche. Funika kwa chupa ya maji iliyokatwa kitako. Weka penye mwanga, lakini jua la kaskazi lisilipige.

Idi 09:02
Shangazi hii begonia au mtoto njiti? 😂

Rukia 09:03
😂😂😂

Hamadi 09:10
Tumwite mkunga

Idi 09:11
Na viungo vya uzazi tuvinunue kabisa, pilipili manga ninayo

Shangazi Mwanajuma 09:15
Fundi ni JUMAMOSI.

Rukia 10:34
Nimepata makumbi ya nazi kwa jirani anayesokota kamba. Yanafaa?

Shangazi Mwanajuma 10:35
Hayo yalifukiwa pwani, yana chumvi. Roweka kwa maji ya bomba, mwaga, rudia mara tatu. Kisha changanya na mchanga wa shamba, si wa pwani.

Salma 13:40
Na mie nikatiwe kimoja tafadhali

Ami Zahor 13:52
Salma tena? Beseni la buluu liko wapi?

Salma 13:55
Ami, miaka saba hiyo

Ami Zahor 13:56
Miaka saba, na Mama bado anapafagia pale lilipokuwa.

Salma 14:03
Sikuiba ami. Nilipewa. Lilijaa maji masika ile mie niko hospitali na mtoto, niliporudi mizizi imeshaoza

Ami Zahor 14:04
🚫 Ujumbe huu umefutwa

Idi 14:20
Jamani tumeshakata au bado?

Shangazi Mwanajuma 14:22
Hayo ya beseni baada ya Jumamosi.

Rukia 17:31
Bibi nimemsomea yote. Kanambia niandike kama alivyosema:
"Beseni nilimpa Salma mimi, kwa mkono wangu, siku aliyoondoka na mwanawe mchanga. Sikusema kwa kuwa hamkuniuliza mimi, mliulizana wenyewe. Kipande cha kwanza ni cha Salma. Na mbuzi wa Hamadi afungwe, majani yale yatamdhuru."

Ami Zahor 19:47
Nimesikia Mama.

Hamadi 19:49
Nakwenda kumfunga sasa hivi Bibi

Salma 20:05
Bibi 😭

Shangazi Mwanajuma 20:10
Haya. Vya Unguja nani anavichukua? Vifungwe kwa gazeti lililolowa, ndani ya mfuko, vibebwe mkononi. Visilazwe chini ya mizigo ya boti.

Idi 20:31
Nashuka bandarini Mkoani Jumapili inshaallah, nikipata tiketi

Shangazi Mwanajuma 20:32
Inshaallah ya ndio au ya hapana?

Rukia 20:50
Nimekata saba vya madoadoa. Cha Salma nimekifunga uzi. Ile nyekundu bado, giza limeingia na umeme umekatika

Shangazi Mwanajuma 20:51
Kesho baada ya alfajiri, kabla jua halijapanda. Usisahau.

Shangazi Mwanajuma 21:40
Idi?

Saleh 23:12
Assalaamu alaykum, nimeona sasa hivi. Ukuta upi unavunjwa?