Mabeki wa fantasi ya hoki 2025-26: ukimtoa Makar, nani anafuata? Nachagua nafasi ya 10

Msafiri_Hamilton

Wakuu, habari za siku. Ligi yetu ya fantasi, ile ya kuunda timu za wachezaji halisi wa NHL (ligi kuu ya hoki ya barafu) na kushindana kwa takwimu zao, inafanya drafti, yaani zamu za kuchagua wachezaji, Jumamosi. Tuko timu 12, na kura imenitupa nafasi ya 10. Kwa ambaye hajawahi kucheza: mzunguko wa pili unageuka, kwa hiyo nikishachagua wa 10, watu wawili walio nyuma yangu wanachagua mara mbili mbili, halafu zamu inanirudia nikiwa wa 15. Baada ya hapo nakaa kimya mpaka nafasi ya 34. Huo mwanya ndio unaoninyima usingizi.

Tunahesabu vitu sita: mabao, asisti, pointi za pawaplei (mpinzani akiwa amepunguzwa mtu kwa adhabu), mashuti, kugonga wapinzani na kuzuia mashuti. Kila timu inaanzisha mabeki wanne.

Mwaka jana niliwadharau mabeki. Nilijaza washambuliaji mzunguko baada ya mzunguko, na nilipokuja kushtuka mabeki waliobaki ni wale wa pointi 25 (mabao na asisti kwa pamoja) kwa msimu. Kila wiki nilikuwa nashinda kwenye mabao, nafungwa kwenye asisti na pawaplei, na mtu aliyenitoa kwenye mtoano wa ligi yetu alikuwa na Quinn Hughes na Werenski kwa pamoja. Sirudii.

Orodha yangu hii hapa, naomba muichambue bila huruma:

1. Cale Makar
2. Quinn Hughes
3. Zach Werenski
4. Evan Bouchard
5. Rasmus Dahlin
6. Josh Morrissey
7. Lane Hutson
8. Victor Hedman
9. Adam Fox
10. Moritz Seider

Makar simtarajii, wa 10 hamwoni. Swali langu ni hao watatu wanaomfuata: Hughes, Werenski, Bouchard. Na je, nichukue beki wa 10 au nisubiri wa 15?

BintiWaThika

Mkuu, kwenye namba moja hakuna mjadala. Mabao 30 na asisti 62 msimu uliopita, pointi 92, na Norris, tuzo ya beki bora, ya pili juu yake. Kabla yake beki wa mwisho kufikisha mabao 30 alikuwa Mike Green, msimu wa 2008-09. Ukiwa na Makar ni kama umechagua mshambuliaji wa daraja la kwanza halafu ukamweka kwenye kiti cha beki.

Mimi niko Nairobi, mechi za Colorado, timu ya Makar, zinaanza alfajiri, nyingine zinanikuta tayari nachemsha chai ya watoto. Nilianza kuwafuata 2018, wale vijana wetu wa Ice Lions, timu ya hoki ya Kenya, walipopelekwa Kanada wakacheza barafuni pamoja na mastaa wa NHL Sidney Crosby na Nathan MacKinnon. Nikasema huyu MacKinnon nitamfuatilia mpaka nijue anachezea wapi. Mwaka uliofuata akaja Makar kwenye timu ile ile. Sasa nikitazama, jicho langu linabaki kwenye mstari wa buluu, ule unaofungua eneo la mpinzani. Makar akipokea paki (kile kisahani kinachochezwa badala ya mpira) pale hakimbii. Anateleza pembeni, polepole, mabega yakielekea upande mmoja, na yule anayemkaba anaegemea upande huo. Hapo hapo visigino vinageuka na ameshapita. Nimerudia kipande kimoja mara nyingi na bado sioni ni wakati gani alibadilisha uzito.

Kwa swali lako, mimi namweka Hughes wa pili. Pointi 76 kwenye mechi 68.

Baba_Neema_Edmonton

Salaam wote. Dada BintiWaThika amesema vizuri, ila mimi nataka tuzungumzie kiti kabla ya kuzungumzia mtu.

Mpinzani akiadhibiwa, timu yako inacheza watano kwa wanne kwa dakika mbili. Timu nyingi siku hizi zinaweka washambuliaji wanne na beki mmoja tu. Mmoja. Timu ina mabeki sita kila usiku, na watano kati yao hawagusi kile kikosi cha kwanza cha pawaplei. Kwenye fantasi, unapochagua beki unanunua kile kiti.

Hapa kwetu tumeliona kwa macho. Tyson Barrie alikikalia kiti hicho Edmonton, na msimu mfupi wa 2020-21 akaongoza mabeki wote wa ligi kwa pointi, 48 kwenye mechi 56. Mwisho wa Februari 2023 akauzwa Nashville, beki Ekholm akaja huku, na kiti akapewa Bouchard. Msimu kamili uliofuata Bouchard akapiga pointi 82. Barrie kule alikokwenda hakuwa tena yule tuliyemjua. Miguu na mikono ni ile ile, lakini McDavid na Draisaitl, washambuliaji wetu wakubwa, hawakuwa wakimpasia.

Kwa hiyo kwangu Bouchard ni wa tatu, na mwenye ujasiri anaweza kumweka wa pili. Juzi juzi amesaini miaka minne, dola milioni 10.5 kwa mwaka. Hakuna anayemlipa mtu hivyo halafu akamtoa kwenye pawaplei. Shuti lake ukiwa uwanjani unalisikia kwenye ubao kabla hujajua paki imekwenda wapi.

Mama_Imani_Calgary

Shikamoo Baba Neema. Kuhusu kiti nakubali mia kwa mia. Lakini msimu uliopita kiti kilikuwa kile kile, wapasiaji wale wale, na Bouchard akashuka mpaka 67 akiwa amecheza mechi zote 82. Wengi wanaomweka juu wanakumbuka mtoano wa NHL wa 2024, zile pointi 32 kwenye mechi 25. Ilikuwa kazi kubwa kweli, ila drafti yetu haihesabu mtoano hata kidogo. Mechi zetu zinakwisha kabla haujaanza.

Msafiri, mwanangu, umetaja vitu sita halafu ukapanga orodha kana kwamba vipo vitatu. Mimi ndiye mwendeshaji wa ligi yetu huku mwaka wa sita sasa, na hili kosa naliona kila Septemba. Chukua karatasi, weka mstari mmoja kwa kila kitu kinachohesabiwa.

Hughes: asisti anakupa, pawaplei anakupa. Kugonga hakupi kabisa, na kuzuia mashuti ni kidogo. Tena amekosa mechi 14 msimu uliopita. Kwa mwendo aliokuwa nao angemaliza zote 82 angefika 91 au 92, sawa na Makar, na ndiyo maana watu wanampenda. Lakini wiki ambazo hayupo hazirudi.

Werenski: mabao 23, asisti 59, na mashuti karibu 300, hakuna beki aliyepiga mengi kuliko yeye. Mashuti yanahesabiwa kila usiku hata bao lisipoingia. Hilo ndilo linalombeba kwenye ligi yako kuliko kwenye ligi inayohesabu pointi peke yake.

Dahlin: hapa ndipo nakulaumu. Pointi 68 kwenye mechi 73, anapiga mashuti, anagonga, anazuia. Anakugusia vitu vyote sita. Kwa ligi yako mimi namweka juu ya Bouchard.

Na Seider wa 10 ni chini mno. Pointi 46 si nyingi, lakini kugonga na kuzuia ndiko kwake, na tangu aingie ligi mwaka 2021 hajakosa mechi hata moja, misimu minne ya 82. Mtu wa kukaa kitini kila usiku ana thamani yake.

Kijana_wa_Columbus

Nashukuru Mama Imani kwa kumsemea Werenski maana nilikuwa nakuja kupigana.

Watu wanaogopa kwamba ule ulikuwa msimu mmoja tu. Wanasema kabla yake juu kabisa alikuwa na pointi 57. Kweli. Lakini zile 57 zilikuwa kwenye mechi 70, na mwaka wa nyuma yake bega lilimfanya acheze mechi 13 pekee. Hakuwahi kupata nafasi ya kuonyesha.

Msimu uliopita timu yetu ya Columbus, anakocheza Werenski, ilianza ikiwa na msiba. Mshambuliaji wetu Johnny Gaudreau na mdogo wake waligongwa na gari wakiwa kwenye baiskeli mwisho wa Agosti 2024, wakafariki wote wawili. Mji mzima ulilia. Hakuna aliyeitegemea timu ile, na Werenski ndiye aliyeishika. Alikuwa anacheza zaidi ya dakika 26 kwa mechi. Mimi nakaa viti vya bei ya chini, juu kabisa nyuma ya benchi, na kutoka kule unaona mabadiliko ya wachezaji kuliko unavyoona paki. Anatoka, anainama, mikono kwenye magoti, anakunywa maji mara moja. Wengine wanaingia. Ukitazama tena, mguu mmoja umeshapanda ukutani anasubiri kurudi. Dakika zile hazitapungua, kwa sababu hakuna wa kumpokea.

Msafiri, wa 15 ukimkuta, usifikirie mara mbili.

Mkongo_wa_Montreal

Ndugu zangu, mimi sina maneno mengi. Hutson wa saba mnamwonea.

Asisti 60 akiwa mgeni, sawa na rekodi ya Larry Murphy kwa beki wa mwaka wa kwanza. Calder, tuzo ya mgeni bora wa ligi, akaibeba. Mtoto mfupi, mwepesi, timu zote zilimwacha mpaka nafasi ya 62 kwenye drafti ya NHL mwaka 2022. Huku kila mtoto anayejifunza kuteleza sasa anazungushazunguka kwenye mstari wa buluu kama yeye, makocha wanapiga kelele.

Baba_Neema_Edmonton

Ndugu wa Montreal, Hutson nampenda, ila mmemleta beki Noah Dobson kutoka New York Islanders mwezi wa sita. Dobson alifikisha pointi 70 msimu wa 2023-24 akiwa na kiti cha pawaplei. Sasa kiti ni kimoja, wakalia ni wawili. Hapo vipi?

Mkongo_wa_Montreal

Swali la haki kabisa mzee. Mimi nasema kiti ni cha Hutson na Dobson anasimamia kikosi cha pili, maana mtoto alishakishika mwaka mzima na pawaplei inapita kwake. Ila nakubali mabao yake yalikuwa sita tu, na kugonga hagongi. Kwa ligi ya Msafiri mniwekee wa sita, juu ya Morrissey. Chini ya hapo sikubali.

BintiWaThika

Hapo kwa Hedman pia mtazame umri. Pointi 66 akiwa anakaribia miaka 35 ni heshima kubwa, lakini kati yake na Hutson mimi ningemchukua mwenye magoti mapya.

Msafiri_Hamilton

Wakuu, mmenifanya nikae mezani mpaka saa saba usiku na karatasi ya Mama Imani. Nimechora mistari sita. Kweli kabisa, Dahlin alikuwa amejificha. Orodha mpya: Makar, Hughes, Werenski, Dahlin, Bouchard, Hutson, Morrissey, Seider, Fox, Hedman.

Ninachobishana nacho mwenyewe ni Hughes wa 10. Akiwa pale, nimwache?

Mama_Imani_Calgary

Mwache. Wa 10 bado kuna mshambuliaji wa pointi 90 na zaidi, na wa 15 hatakuwepo tena. Kwa mabeki kati ya zamu zako mbili ni chaguo nne tu, na wawili hao wa nyuma yako hawawezi kuchukua Hughes, Werenski na Dahlin wote, wana haja ya washambuliaji kama wewe. Mmoja atabaki. Anayebaki ndiye wako, na yeyote kati ya hao watatu atakutosha.

Kitu kimoja zaidi: hakikisha saa ya drafti. Kwenye ligi yetu niliandika "saa 2" nikimaanisha saa mbili usiku, kijana mmoja akaisoma kizungu akaingia saa nane mchana, akaona kimya, akaondoka. Usiku mashine ikamchagulia timu nzima, makipa wanne. Sasa naandika kwa maneno yote.

Msafiri_Hamilton

Tumemaliza jana. Makar aliondoka wa nne. Wa 10 nilichukua mshambuliaji kama mlivyosema, mkono ukitetemeka maana Hughes alikuwa bado yupo. Wa 11 akamchukua Hughes papo hapo. Wa 12 akachukua washambuliaji wawili mfululizo. Wa 14, yule yule mwenye Hughes, akachukua kipa. Wa 15 Werenski akawa wangu.

Dahlin nilimsubiri mpaka wa 34, akaenda wa 31. Bouchard alienda wa 22. Kwa hiyo wa 34 nikamchukua Hutson, na Seider nikampata wa 63, wengine wakiwa bado wanagombania majina yenye pointi. Nafasi ya nne ya beki nimemweka Gostisbehere kwa sababu Carolina wamempa kile kiti cha Baba Neema.

Kijana_wa_Columbus

Werenski wa 15! Nitakuwa nakutumia picha za benchi kila mechi ya nyumbani.

Mkongo_wa_Montreal

Hutson wa 34. Ndugu, mechi ya kwanza Montreal wanacheza hapo hapo kwako Toronto, tarehe 8 Oktoba. Usiku huo tazama pawaplei ya kwanza, uone nani anatoka benchini, yeye au Dobson, halafu uje utuambie hapa.