Shule ya "kimataifa" Dubai inatutoza pesa kwa sababu mtoto anazungumza Kiswahili nyumbani, na sasa imekalia cheti chake cha uhamisho

Wanajukwaa, salaam.

Ninaandika nikiwa na hasira na sitajifanya kuwa nimetulia. Shule moja ya binafsi hapa Dubai imekuwa ikitutoza dirhamu 4,500 kila muhula kwa ajili ya "msaada wa Kiingereza" ambao binti yangu hauhitaji, hakuwahi kupimwa ili ijulikane kama anauhitaji, na alipangiwa kwa sababu moja tu, nayo ni kwamba kwenye fomu ya kujiunga niliandika kuwa nyumbani tunazungumza Kiswahili. Tulipoamua kumhamisha, shule hiyo hiyo imezuia cheti chake cha uhamisho mpaka tulipie msaada huo kwa muhula ambao hatakuwapo. Jina la shule sitalitaja, kwa kuwa sheria ya makosa ya mtandao ya huku inaifanya kashfa ya mtandaoni kuwa jinai, na mimi ni mama mwenye kibali cha ukaazi kinachotegemea mwajiri. Wanaoishi Dubai na wenye watoto wa shule za msingi huenda wakaitambua bila mimi kusema.

Kwa wasiojua mazingira ya huku, shule za serikali kimsingi ni za raia, hivyo sisi wageni tunategemea shule za binafsi, ambazo ziko zaidi ya 220 katika Dubai peke yake. Zote zinasimamiwa na mamlaka inayoitwa KHDA, ambayo hukagua shule na kuzipa madaraja, hupanga kiwango ambacho ada inaweza kupandishwa kila mwaka, na hutoa mkataba ambao mzazi na shule hutia saini. Nasema haya mapema ili mtu asidhani kwamba tuko mahali pasipo na utaratibu. Utaratibu upo na umeandikwa. Wanachofanya wenye shule ni kutafuta mahali ambapo utaratibu haujaziba.

Binti yangu ana miaka minane. Kabla ya kuja huku alisoma Dar es Salaam katika shule ya mchepuo wa Kiingereza tangu chekechea, anasoma vitabu vya hadithi vya Kiingereza vyenye sura na sura bila kushikwa mkono, na akigombana na kaka yake huchagua lugha kulingana na ipi itamuumiza zaidi. Nyumbani tuna sheria kwamba ukishavua viatu mlangoni unazungumza Kiswahili, kwa sababu bibi yake yuko Tanga na sitaki siku moja wapigiane simu halafu mimi nikae katikati kama mkalimani. Fomu ya shule iliuliza lugha ya kwanza ya mtoto na lugha inayotumika nyumbani. Nikajaza ukweli katika nafasi zote mbili.

Kabla ya fomu hiyo kulikuwa na safari ya mihuri. Ripoti na cheti cha uhamisho cha mtoto anayetoka Tanzania lazima vipitie wizara ya elimu, wizara ya mambo ya nje na ubalozi wa Umoja wa Falme za Kiarabu ndipo vikubaliwe, ilhali mtoto anayetoka Marekani, Kanada, Ulaya Magharibi au Australia hasumbuliwi na mihuri hiyo. Hilo nililimeza, kwa kuwa kila nchi ina haki ya kupanga karatasi zake. Ripoti hizo zilizopigwa mihuri kila kona zilionyesha alama zake za Kiingereza kwa miaka miwili, na ni wazi kwamba hakuna aliyezifungua, kwa sababu wiki ya kwanza ya masomo tulipokea barua pepe iliyotuarifu kuwa mtoto "amebainika" kuhitaji programu ya Kiingereza cha nyongeza na kwamba ankara imeambatishwa.

Niliandika kuuliza amebainika kwa jaribio gani, lini, na nani alimpima. Jibu lilikuja baada ya kukumbushia mara kadhaa, nalo lilisema kwamba upangaji hufanywa "kwa kuzingatia wasifu wa lugha wa familia". Someni tena maneno hayo. Aliyepimwa ni familia, na kipimo chenyewe ni mstari mmoja wa fomu. Katika jengo tunaloishi kuna familia kutoka Uholanzi yenye mtoto wa darasa lile lile, nao nyumbani wanazungumza Kidachi asubuhi hadi usiku, na mama wa mtoto aliniambia kwamba fomu yao inasema hivyo. Mtoto wao hakupangiwa kitu. Nilipoitaja hali hiyo bila kutaja familia, mkuu wa sehemu ya msingi alinijibu kwamba hawezi kuzungumzia wanafunzi wengine, na akanipa kahawa.

Sasa nieleze kinachofundishwa kwa dirhamu hizo 4,500, ambazo kwa kiwango cha dirhamu 3.6725 kwa dola ni zaidi ya dola 1,200. Mtoto alitolewa darasani mara tatu kwa wiki na kupelekwa kwenye chumba kidogo karibu na maktaba. Niliomba kuona kazi zake nikaletewa jalada. Ndani yake kulikuwa na kadi za picha: kikombe, mpira, kiatu, mti, na chini ya kila picha mstari wa nukta wa kufuatisha jina lake kwa penseli. Kwenye ukurasa wa kikombe mwanangu alikuwa amemaliza kufuatisha nukta, kisha pembeni akaandika kwa mwandiko wake sentensi ndefu ya Kiingereza akieleza kwamba kikombe hiki kina ufa na chai itamwagika mezani. Mwalimu alikuwa ameweka alama ya vema kwenye nukta. Sentensi hakuigusa.

Vipindi alivyokuwa akikosa vilikuwa vya sayansi na maarifa ya jamii. Ripoti ya mwisho wa muhula ikaandika kwamba anapaswa "kushiriki kikamilifu zaidi" katika masomo hayo hayo ambayo wao wenyewe walikuwa wakimtoa. Aya ya pili ya ripoti ilimwita kwa jina la mtoto mwingine. Nilipowaonyesha, ripoti mpya ilitumwa jioni ile ile ikiwa na jina sahihi na maneno yale yale, na hapo ndipo nilipoelewa jinsi ripoti zinavyoandikwa.

Kuna sababu ya pesa nyuma ya jambo hili na ni vizuri wazazi waielewe. Ada ya masomo haipandi kiholela Dubai. Mamlaka hukokotoa gharama za uendeshaji za shule na kutangaza kiwango, na kwa mwaka wa masomo 2025/26 kiwango hicho kilikuwa asilimia 2.35. Shule inayotaka pesa zaidi ya hapo lazima izitafute pembeni ya ada, na pembeni ndiko kuliko na mabasi, sare, safari za mafunzo, na hizi huduma za "msaada". Waajiri wengi wanaotulipia watoto nao hulipia ada ya masomo peke yake. Kwangu mimi ofisi inarejesha ada kwa risiti hadi kikomo fulani, lakini risiti iliyoandikwa "msaada wa lugha" hurudishwa mezani kwangu bila muhuri. Kwa hiyo shule inajua kwamba ada inatoka kwa kampuni na kampuni zina wanasheria, ilhali msaada wa lugha unatoka kwa mama mmoja ambaye mwisho wa mwezi anatuma pesa Tanga.

Lililonifanya niamue kuondoka halikuwa pesa. Katika kikao cha muhula wa pili tuliketi na mkuu wa sehemu ya msingi na mratibu wa programu hiyo, nikauliza mtoto atatoka lini humo, kwa kigezo gani. Mratibu akasema kwamba maendeleo yangekuwa ya haraka zaidi endapo nyumbani "tungepunguza" Kiswahili, angalau siku za shule, ili Kiingereza kipate nafasi. Alilisema kwa upole, huku akitabasamu, kama mtu anayekushauri upunguze chumvi. Mume wangu, ambaye kwa kawaida ndiye anayenishika mkono nisinyanyuke, ndiye aliyenyanyuka.

Hii ni shule inayojitangaza kwa mtaala wa Baccalaureate ya Kimataifa, ule ulioasisiwa Geneva mwaka 1968. Mtaala huo unaitaka kila shule iwe na sera ya lugha iliyoandikwa, na sera hiyo inatakiwa ilinde na kukuza lugha ya mama ya mwanafunzi. Nimeisoma sera ya shule yetu. Imeandikwa vizuri sana, na ina picha. Katika ngazi ya diploma ya mtaala huo huo, Kiswahili ni miongoni mwa lugha zinazofundishwa na kutahiniwa, na Cambridge nao wana mtihani wa Kiswahili kwa ngazi ya kidato cha nne. UNESCO mwaka 2021 iliitangaza Julai 7 kuwa Siku ya Kiswahili Duniani. Lugha hiyo ndiyo mratibu wa shule ya "kimataifa" anayoniambia niipunguze kuanzia Jumatatu.

Na kuna jambo ambalo kila nikilikumbuka damu inachemka. Kila mwaka shule hufanya Siku ya Mataifa, na wazazi wa Afrika Mashariki tulioko pale huombwa tupike na tuwavalishe watoto. Nilipika pilau sufuria mbili na kachumbari, binti yangu akavaa kanga, akasimama jukwaani akawasalimu wageni kwa Kiswahili, wakapiga makofi. Picha yake ile ipo kwenye kurasa za shule za mtandaoni, imewekwa juu ya tangazo la usajili. Ruhusa ya picha niliitia saini mwanzoni mwa mwaka pamoja na karatasi nyingine, hilo silikatai, ila nimeandika kutaka iondolewe na hadi ninapoandika hapa bado ipo.

Sasa tufike kwenye uhamisho. Nilipata nafasi katika shule nyingine kwa muhula wa tatu, nikaiandikia shule hii taarifa katikati ya muhula wa pili. Kanuni za KHDA kuhusu ada ziko wazi: mwanafunzi akihudhuria wiki mbili au pungufu shule inabaki na ada ya mwezi mmoja, akizidi wiki mbili hadi mwezi, inabaki na ada ya miezi miwili, akizidi mwezi, inachukua ada ya muhula mzima. Mwanangu alikuwa amezidi mwezi, muhula wote wa pili ulikuwa umelipwa, na sikudai hata senti irudishwe. Nilichoomba ni vitu viwili: cheti cha uhamisho, na hundi yangu ya muhula wa tatu. Maana huku wengi tunalipa kwa hundi za tarehe za mbele, tatu kwa mwaka, zote zinakabidhiwa shuleni kabla mwaka haujaanza.

Mhasibu wa shule alinijibu kwamba programu ya msaada wa lugha ni ya mwaka mzima, hivyo dirhamu 4,500 za muhula wa tatu bado ni deni, na mwenye deni hapewi cheti wala harejeshewi hundi. Nikauliza ni kifungu gani cha mkataba kinachosema hivyo. Nikapewa jina la mtu wa udahili. Wa udahili akanirudisha kwa mhasibu, na danadana hiyo inaendelea. Nimeusoma mkataba ule mstari kwa mstari, na nimeisoma karatasi ya ada za shule inayotolewa chini ya usimamizi wa KHDA, ambayo hutenganisha ada za lazima na zile za hiari. Msaada wa lugha umeorodheshwa kwenye za hiari. Kitu cha hiari nilichokikataa kwa maandishi kinageukaje deni linalomzuia mtoto kusoma?

Bila cheti hicho shule mpya haiwezi kumwandikisha, na sheria ya nchi inamtaka mtoto wa umri wake awe shuleni. Watakaonishauri niizuie hundi benki waelewe kwamba tangu Januari 2022 hundi ya kawaida iliyokosa salio si jinai tena, lakini kuiamuru benki isilipe hundi bila sababu halali bado kunaweza kukufikisha polisi. Sitawapa nafasi hiyo. Malalamiko yangu yameshafika KHDA yakiwa na barua pepe zote, fomu ya kujiunga, nakala ya ukurasa wa kikombe na karatasi ya ada, na tarehe ya hundi inakaribia.

Ninachoomba hapa ni msaada mahsusi. Mzazi yeyote, Mtanzania, Mkenya, Mganda au mwingine, ambaye mtoto wake aliwekwa kwenye programu ya lugha hapa Dubai, Abu Dhabi au Sharjah bila kupimwa, aandike hapa chini shule ilitoa sababu gani na kama fomu ya lugha ya nyumbani ilihusika. Aliyewahi kuzuiliwa cheti kwa ada ya hiari aeleze hatimaye kilitolewa kwa njia ipi: barua ya wakili, mamlaka, au kulipa kwanza na kudai baadaye. Asiyetaka kuandika hadharani anitumie ujumbe wa faragha. Na wale mtakaokuja kuniambia kwamba ningeandika "Kiingereza" kwenye fomu yakaisha, naomba mpite kimya.